Kabla hujamleta mzee anayesahau nyumbani kwako, panga haya kwanza

Ndugu zangu mnaojiandaa kumtoa mama au baba kijijini, Magu huko au Ukerewe au Sengerema, aje kukaa na nyie hapa Mwanza kwa sababu "ameanza kusahau", naomba mnisikilize kabla hamjakodi gari. Mimi nimemlea mama yangu Igogo miaka miwili na kitu, nimekosea sehemu nyingi na kuna kosa moja mpaka leo nikilikumbuka nakosa usingizi, kwa hiyo nikiongea kwa ukali mnivumilie.

Kwanza kubalini kwamba huu ni ugonjwa. Sio uzee wa kawaida, sio kurudi utotoni, na hajalogwa na mtu. Daktari mmoja Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza aina yake inayoongoza tangu 1906, na Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na dimensia, ndo huu ugonjwa wa kusahau, zaidi ya nusu wakiwa nchi za kipato kama chetu, na linaiweka namba saba kwenye vitu vinavyoua watu duniani. Hapa hapa Tanzania walipopima wazee wa Hai kule Kilimanjaro, kati ya wazee 100 wa miaka 70 kwenda juu walikuta kama sita wanayo. Kwa hiyo hata mtaani kwako wapo, wanafichwa ndani tu. Na ukishakubali kwamba unaua ndo utaanza kujiuliza unaua kwa njia gani, maana kusahau jina la mjukuu hakumuui mtu. Kinachommaliza mzee ni kuanguka, kupaliwa, kukaukiwa maji, homa ya mapafu, na sisi tunaomlea kutoelewa tunachokiona.

Presha na sukari, pima. Masikio na macho, pima, mzee asiyesikia anaonekana amechanganyikiwa kuliko alivyo. Dawa zake zote weka kwenye mfuko mmoja daktari azione. Na muombe daktari aangalie na vile vitu vinavyofanana na ugonjwa wa kusahau ila vina tiba: tezi la shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka, kaswende, VVU. Hizo mbili za mwisho watu wanaona aibu kumpimisha bibi yao, acheni hiyo aibu. Akiwa na miaka 60 kwenda juu ulizia dirisha la wazee, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua, usikae foleni na mzee masaa sita kwa kutouliza.

Usimpe vidonge vya usingizi vya kununua duka la dawa ili na wewe ulale. Hata vile vya mafua na mzio vinavyosinzisha vinamvuruga akili na vinamwangusha usiku akienda chooni.

Halafu kuna hili la kutembea usiku, na kwa kanda yetu hii sio la kuchukulia poa. Bibi zetu wameuawa huku kwa kuwa na macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe miaka hamsini. Sasa mzee anayesahau anaamka saa tisa usiku, anatoka kutafuta nyumba ya utotoni kwao, nguo kaivua njiani, alfajiri anakutwa kwenye uwanja wa mtu hajui kafikaje. Mnajua kitakachosemwa, kwamba ni mchawi kadondoka na ungo. Kwa hiyo wiki ya kwanza tu akifika, zunguka naye mchana: kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa majirani, kwa vijana wa sungusungu, kwa boda wa kijiweni, uwaambie huyu ni mama yangu, anaumwa ugonjwa wa kusahau, mkimuona muda wowote nipigieni. Namba yako ishone kwa uzi kwenye pindo la gauni lake, karatasi atatupa. Komeo la mlango weka juu kabisa, nje ya pale macho yake yamezoea kutafuta.

Sasa hili la maji.

Mama alianza kujikojolea usiku. Godoro lilikuwa moja, shuka mbili, na Igogo kule juu kwenye mawe maji tulikuwa tunapandisha kwa madumu, kufua kila asubuhi kulinichosha vibaya mno. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, akanishauri nimpunguzie maji kuanzia saa kumi jioni. Nikaona ni akili. Mama alikuwa na kikombe chake cha bati cha bluu, akikiona tu anaomba maji, basi nikawa nakificha juu ya kabati. Ikatoka saa kumi ikawa saa nane, mwisho akawa anakunywa chai ya asubuhi na kikombe kimoja cha mchana basi. Shuka zikawa kavu, nikafurahi jamani, nikampigia mdogo wangu Dar nikamwambia mama anaendelea vizuri.

Wiki ya tatu akawa kimya. Analala mchana kutwa, ukimwamsha anafungua macho anakuangalia kama mgeni, anayafunga. Kiswahili kikampotea kabisa, anaongea Kisukuma kilichovunjika vunjika na watu ambao hawapo. Mikono haikutulia, alikuwa anachuna chuna pindo la kanga kwa vidole kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Mkojo kidogo uliokuwa unatoka ulikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu kali. Na mimi nikasema nini? Nikasema ugonjwa wa kusahau umepanda. Tukakaa hivyo siku nne, watu wa kanisani wakaja kuomba, wakaondoka.

Siku ya tano vijana wakambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka barabarani maana gari haifiki. Daktari kijana tu, hakuniuliza ana miaka mingapi, aliniuliza, "Dada, wiki iliyopita mama alikuwaje?" Nikamjibu wiki iliyopita alikuwa anatembea na anakula mwenyewe. Akabana ngozi ya mkono wa mama kwa vidole viwili, akaiachia, ngozi ikabaki imesimama. Akaniambia kusahau kunakwenda kwa miezi na miaka, mtu akibadilika ndani ya siku mbili tatu hapo kuna kitu kingine kimeingia, wao wanaita deliriamu, na huyu anayelala kimya ndo wa hatari maana anayepiga kelele mngeshamleta. Kumbe alikuwa amekaukiwa maji na ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, iliyokwishapanda. Ingeweza kuwa malaria, sukari kushuka, kichomi, hata dawa. Kwa mzee mwenye dimensia mabadiliko ya ghafla hayasubiri kesho.

Dripu na sindano, siku ya nne akafungua macho akasema "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ilhali ilikuwa jioni, nikalia pale pale mbele ya sista. Tukarudi naye nyumbani, ila hakurudi yule wa mwanzo. Hakutembea tena peke yake, chakula kikaanza kumpalia, na baada ya wiki saba homa ya mapafu ikamchukua. Wazee wengi wanaopita kwenye ile hali hawamalizi mwaka, mimi sikuwa najua.

Kwa hiyo nunua pampasi au mpira wa godoro kabla hajafika, na umpeleke chooni kabla ya kulala na saa sita usiku. Maji usipunguze.

Kula: mkalishe wima kabisa, tonge dogo, usimharakishe, na akishakula asilale nusu saa. Akianza kukohoa kila akinywa maji, mwambie daktari. Matobolwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, achana navyo, samaki mchambue mwenyewe kwa vidole mpaka uhakikishe mwiba hakuna.

Mambo ya shamba, kiwanja na wosia yaongeleeni sasa hivi akiwa bado anaelewa anachosema, na mashahidi wawepo, akishapotea kabisa mtagombana miaka. Namba ya siri ya simu asikae nayo peke yake, matapeli wanapiga kila siku.

Zamu pangeni kwa maandishi, nani analala naye, nani anatuma hela ya sabuni. Binti mmoja akiachiwa kila kitu atachoka, na akichoka ndo anaanza kuficha vikombe.

Mafuta ya taa usiweke kwenye chupa ya soda. Jiko la mkaa lisikae chini anapopita. Masika yale mawe yanateleza, asishuke peke yake, na mwaloni pale ziwani usimwache hata dakika. Taa ya chooni iwake usiku kucha. Maji ya kunywa yakae karibu naye kwenye kikombe anachokijua, na umshikishe mkononi kila baada ya muda, maji anayahitaji ila hatakumbuka kuomba.