Sigara ugenini: hawaulizi wewe ni nani, wanauliza umesimama wapi

Kwetu, swali la kwanza ni nani anayevuta. Kijana akimwona mjomba wake anakuja, sigara inafichwa kiganjani au inakanyagwa. Mwanamke akiwasha barabarani, macho yote yanamgeukia. Mzee akivuta barazani kwake, hakuna anayethubutu kumwambia neno, hata wajukuu wakikohoa. Ulaya na Amerika Kaskazini hesabu ni nyingine: umesimama wapi? Binti wa miaka 19 anayefanya kazi stesheni anaweza kumwambia baba wa miaka 60 azime, na kwa hesabu za huko hajamvunjia mtu heshima. Ugomvi mwingi unaowapata watu wetu huanzia hapo. Mtu huona amedharauliwa, mara nyingine huona ni ubaguzi, kumbe aliyemsemesha alikuwa akitazama kibao cha ukutani tu. Ubaguzi upo, hatukatai, lakini kwenye sigara anza kwa kutafuta kibao.

Na si kwamba nyumbani hakuna sheria. Kenya ina sheria ya tumbaku ya mwaka 2007, na anayeijua Nairobi anajua kwamba huwashi fegi njiani ovyo ovyo. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, inakataza kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma, na shisha imepigwa marufuku kabisa. Kwenye karatasi hiyo ni kali kuliko nchi nyingi za Ulaya. Tofauti ni nani anayeisimamia. Kwetu ni kanjo, yaani askari wa jiji, au polisi, siku wakitaka. Ugenini ni mpita njia yeyote.

Uingereza: watu hawasemi, lakini wanasema

Mwingereza akikerwa na moshi wako mara nyingi hatakwambia "zima". Atakohoa kidogo bila kuwa na kikohozi, atapunga mkono mbele ya uso, atahamisha kiti, au atavuta kigari cha mtoto upande wa pili. Akifika kutamka, atatanguliza samahani na kuuliza kama ungejali kusogea. Usidanganyike na upole huo. Swali hilo si ombi ambalo unaweza kulijibu "ndiyo, ningejali". Jibu linalotarajiwa ni samahani fupi na hatua mbili tatu pembeni, basi. Hakuna haja ya kujieleza, na ukijieleza sana unageuza jambo dogo kuwa kesi.

Sheria yenyewe ilianza Scotland Machi 2006, na England ikafuata tarehe 1 Julai 2007. Inahusu mahali pa umma na pa kazi palipofungwa. Ndiyo maana wageni hushangaa kuona watu wamejazana mlangoni mwa baa wakivuta: sheria ya England haitaji umbali wowote kutoka mlangoni. Stesheni za treni ni habari nyingine. Huvuti hata kwenye jukwaa lililo wazi juu, kwa sababu hiyo ni kanuni ya reli. Scotland wameongeza mita 15 kuzunguka majengo ya hospitali tangu Septemba 2022, na Wales viwanja vya hospitali, vya shule na vya kuchezea watoto tangu 2021. Anayehama kutoka Birmingham kwenda Glasgow asidhani anahama na sheria zake.

Faini ya kuvuta mahali palipokatazwa England ni pauni 50, au 30 ukilipa ndani ya siku 15. Ukienda mahakamani ukashindwa, inaweza kufika 200. Kinachouma zaidi ni kipisi. Kukitupa chini ni kutupa taka, na halmashauri za England zinaruhusiwa kutoza hadi pauni 500, kila moja na kiwango chake. Watu waliokaa miaka kumi bila kugusa sheria ya moshi wamenaswa kwa kipisi nje ya kituo cha basi. Askari wa halmashauri akikusimamisha, usitaje jina la uongo wala anwani ya zamani, maana hilo ni kosa jingine. Tembea na kikopo kidogo chenye kifuniko. Kile cha peremende za minti kinatosha.

Kazini ndiko wengi wetu hupatwa, kwa sababu ya aina ya kazi tunazofanya. Dereva wa teksi au wa gari la abiria la kukodi haruhusiwi kuvuta ndani ya gari hilo wakati wowote, hata likiwa tupu, hata ukiwa umeegesha unakula. Gari la kampuni linalotumiwa na watu zaidi ya mmoja ni hivyo hivyo, hata kama wewe ni wa usiku na mwenzako ni wa mchana. Kwenye nyumba za wazee, mkazi anaweza kuwa na chumba maalumu cha kuvutia. Mfanyakazi hana haki ya kukitumia. Tena hakuna mapumziko ya sigara kisheria. Unayo dakika 20 ukifanya kazi zaidi ya saa sita, na ukizitumia kwa sigara ni shauri lako. Ukirudi kumhudumia mtu, nawa mikono na badilisha koti. Malalamiko ya harufu kutoka kwa familia za wazee huandikwa kwenye faili, hata kama uso kwa uso walikuchekea.

Wenye migahawa na shisha

Hapa wafanyabiashara wetu hupoteza fedha nyingi, na kosa ni lile lile. Mtu anajenga kibanda nyuma ya mgahawa, anaezeka bati au turubai, anaita "nje". Kwa sheria ya England, penye paa panahesabiwa kuwa pamefungwa ikiwa uwazi wa kudumu kwenye kuta haufiki nusu ya eneo lote la kuta. Chukua kibanda cha mita 6 kwa 4, kimo mita 2.5. Mzunguko ni mita 20, kwa hiyo kuta zina mita za mraba 50. Lazima mita za mraba 25 zibaki wazi daima. Mlango na dirisha havihesabiwi kuwa uwazi, hata vikiwa wazi mchana kutwa, kwa sababu vinaweza kufungwa. Kinachoharibu zaidi ni baridi ya Novemba: wateja wanalalamika, mwenye mgahawa anashusha nailoni pande tatu, na tangu dakika ile anavunja sheria. Faini ya mwenye mahali anayeacha watu wavute inaweza kufika pauni 2,500. Na kusema "shisha yangu haina tumbaku, ni matunda" hakukuokoi. Sheria inataja kitu chochote kinachovutwa kikiwa kimewashwa.

Ujerumani: atakwambia usoni

Mjerumani hapungi mkono. Anakuja, anasema "Entschuldigung, hier ist Rauchverbot", yaani samahani, hapa hapavutwi, kisha anaondoka. Sauti inaweza kuonekana kavu kwa sikio lililozoea "hujambo" kabla ya lolote. Si matusi. Jibu "Ach so, Entschuldigung", yaani kumbe, samahani, zima au sogea, na hutasikia tena habari hiyo. Kinyume chake pia ni kweli: Mjerumani asiyekusemesha huenda hakukerwa hata kidogo, kwa sababu huko uvutaji hadharani bado ni wa kawaida kuliko Uingereza. Mtu usiyemjua kukuomba moto barabarani, hata kukuomba sigara, ni jambo dogo. Kukataa pia ni jambo dogo.

Stesheni, tafuta mistari ya njano iliyochorwa kwenye jukwaa. Ndani ya mraba ule unavuta, nje yake huvuti, hata ikiwa ni hatua moja na mvua inanyesha. Baa zinategemea jimbo. Bavaria, baada ya kura ya wananchi ya Julai 2010, hakuna kuvuta ndani ya baa wala mgahawa. Berlin ipo baa ndogo ya wavutaji: isizidi mita za mraba 75, isipike chakula, na mwenye umri chini ya miaka 18 asiingie. Kibao kiko mlangoni. Ukiwa na watoto usiingie ukitegemea kwamba "tunapita tu".

Ufaransa mambo yalibadilika katikati ya 2025: ufukweni msimu wa kuogelea, kwenye bustani za umma, vibanda vya kungojea basi na karibu na shule hapavutwi, faini euro 135. Viti vya nje vya mikahawa havikuguswa, na huko ndiko moshi ulikohamia.

Nyumbani kwako, ambako si kwako peke yako

Wengi hudhani mlango ukishafungwa mambo yameisha. Marekani, nyumba za umma zinazosimamiwa na mamlaka za nyumba, ambako familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi huomba kupanga, hazina moshi wa sigara tangu mwishoni mwa Julai 2018. Si chumbani, si ngazini, na si ndani ya futi 25 kutoka jengo, yaani karibu mita 7 na nusu. Shisha imo. Mgeni wako akivuta, kosa linaandikwa kwa jina lako wewe mwenye mkataba, na maonyo yakirundikana unaweza kupoteza nyumba. Mweleze mgeni kabla hajavua viatu. Kijana wa miaka 19 aliyekuwa akitumwa sigara dukani kule nyumbani asitumwe huku: umri wa kununua ni 21 nchi nzima. Na bangi, hata jimbo likiiruhusu, sheria ya taifa haiiruhusu. Asiye raia akikiri kuitumia anaweza kuharibu kesi yake ya uhamiaji.

Ujerumani kuvuta ndani ya nyumba uliyopanga kwa kawaida si kosa, lakini roshani ni mgogoro wa miaka mingi. Mahakama kuu ya shirikisho iliamua Januari 2015 kwamba jirani anayesumbuliwa sana anaweza kudai saa zisizo na moshi. Mkiwa na jirani wa juu, ongeeni mapema: mimi sivuti saa 1 hadi saa 3 usiku mkila, wewe unafungua dirisha baadaye. Ratiba ya mdomo huzuia barua ya wakili.

Kisha kuna moshi usio wa sigara. Udi na ubani ukifukizwa kwenye fleti ndogo huamsha king'ora, na jirani asiyeijua harufu ile hudhani ni bangi. Fukiza chetezo karibu na dirisha lililo wazi, mbali na king'ora, na king'ora chenyewe usikifunike kwa mfuko. Mikataba mingi ya pango inakataza kukifunika. Makaa ya shisha au jiko la mkaa ndani usithubutu kabisa. King'ora cha moshi hakitambui gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo haina harufu. Kipo kifaa chake tofauti, na duka la vifaa vya ujenzi huwa nacho.

Ghuba

Muscat, Doha au Dubai, swali la kwetu la "nani" linarudi, likichanganyika na la "wapi" na "lini". Mchana wa Ramadhani usivute hadharani Oman wala Qatar, hata kama si Mwislamu. Sheria zinagusa hilo, na watu wataudhika kabla ya polisi kufika. Qatar sigara za umeme zimekatazwa, kwa hiyo ziache kabla ya kupanda ndege. Katika Falme za Kiarabu, usivute garini ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 12. Na kwenye nyumba ya Waomani wanaosema Kiswahili, utakuta heshima ile ile ya Unguja: usiwashe mbele ya wazee wa mke wako. Toka uani, na ukirudi ndani nawa kabla ya kupeana mikono.

Ukiwa wewe ndiye unayekerwa

Uingereza, usimkabili mvutaji ikiwa yupo mfanyakazi wa mahali hapo. Mwambie mfanyakazi, maana mwenye mahali anaweza kutozwa faini akiacha watu wavute. Ujerumani unaweza kusema mwenyewe, mara moja, bila kutabasamu sana, maana tabasamu huko huonekana kama mzaha. Popote pale usimguse mtu wala sigara yake. Kumpokonya mtu sigara, kama shangazi anavyoweza kumfanyia mpwa wake kwetu, huko kunahesabiwa kuwa shambulio, na kesi inakuwa yako.

Faini ikikufikia, piga picha mahali uliposimama na kibao kilichopo, au ukuta usio na kibao, kabla ya kuondoka. Soma tarehe ya mwisho ya punguzo, na lipa kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi tu. Anayetaka fedha taslimu mkononi, mwombe kitambulisho chake kwanza.