Kliniki ya simu kwa aliyepandikizwa figo: tunavyoiendesha Moshi

Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Waliopandikizwa wakisharudi kwao Rombo, Same au Karatu, simu huwapunguzia safari za kliniki. Haizifuti.

1. Vifaa kwanza. Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, mzani, kipimajoto, daftari. Kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya chai, apime uzito na joto, kisha atulie kitini dakika 5 ndipo apime presha. Mkono wenye fistula (mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya kusafishwa damu) usifungwe mashine.

2. Damu itangulie simu. Kiwango cha takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, hupimwa saa 12 baada ya dozi iliyopita. Aliyemeza saa 2 usiku atolewe damu saa 2 asubuhi, kidonge cha asubuhi kikiwa bado mfukoni. Akishatolewa ndipo ameze. Akitangulia kumeza, kipimo kitapanda, daktari atapunguza dozi isiyostahili kupunguzwa, na mwili unaweza kuikataa figo. Majibu, pamoja na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi), yatumwe kwa picha ya karatasi nzima, jina na tarehe vionekane.

3. Kupiga simu. Usiulize "Unameza dawa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Mimi husema: "Shikamoo mzee. Naomba uniletee dawa zote zilizomo ndani, hata za duka." Tunahesabu pamoja vilivyobaki. Hapo ndipo hujitokeza diklofenaki, dawa ya maumivu ya goti, ambayo huumiza figo, au erithromaisini, antibiotiki ya kifua, inayopandisha takrolimusi. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana. Uliza pia mitishamba na balungi, na uulize bila ukali, la sivyo mara nyingine atakuficha. Mtandao ukisumbua, simu ya kawaida inatosha. Video naitaka kwa miguu iliyovimba na kidonda tu.

4. Kujua pa kuikata simu na kumpeleka hospitali. Joto la 38 au zaidi, mkojo kupungua, uzito kupanda ghafla, maumivu penye figo mpya, au kutapika dawa: aende hospitali leo hii. Usimwagizie panado asubiri kesho. KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, ikiwa mbali, aanzie hospitali ya karibu inayopima kreatinini, nawe umpigie daktari wa zamu kabla hajafika.

5. Kumbukumbu. Andika kwenye faili siku hiyohiyo. Majibu ya mgonjwa hayapelekwi kwenye grupu la WhatsApp, hata la wauguzi; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.