SOMO: Kumodeli joto la udongo wa pamafrosti kwa Excel tu, toka hapa Makete

Wakuu habari za baridi. Leo asubuhi huku kwetu majani ya viazi yameamka meupe pee, jirani akanifuata na jembe mkononi anauliza na viazi vya chini navyo vimeganda? Tukachimba, sentimita 15 tu chini udongo haujaganda hata kidogo. Sasa watu wa Yakutsk kule Siberia swali lao ni hilohilo ila limegeuzwa, juu kumepata joto je chini kumeyeyuka mpaka wapi? Nimeahidi somo hili muda, twende.

Pamafrosti ni ardhi iliyokaa nyuzi 0 au chini ya hapo miaka 2 mfululizo au zaidi. Si lazima uone barafu, hata mwamba mkavu unahesabika. Juu yake kuna tabaka linaloyeyuka majira ya joto na kuganda tena, hilo ndo tunalitafuta kina chake.

HATUA YA 1. Safu ya kwanza weka joto la juu, siku 365. Yakutsk Januari wastani ni kama -38 na Julai kama +20, kwa hiyo katikati ni -9 na inapanda na kushuka nyuzi 29. Tumia SIN (fomula ya wimbi ya Excel), inatosha kuanzia.

HATUA YA 2. Gawa udongo vipande vya sentimita 50 mpaka mita 20, kila kipande safu yake, kila siku mstari wake. Vyote vianze na -9. Kipande cha mwisho kabisa kinakili jirani yake wa juu.

HATUA YA 3. Fomula: joto la leo = langu la jana + k × (jirani wa juu + jirani wa chini − langu mara mbili), zote za jana. Hiyo k ni kasi ya joto kusambaa kwenye udongo (weka 0.000001, mita za mraba kwa sekunde) mara sekunde 86,400 gawa kwa unene wa kipande kipeo cha pili, yaani 0.25, unapata 0.35 hivi. K ISIZIDI 0.5. Mimi siku ya kwanza nilijifanya mjuaji nikaweka vipande vya sentimita 10 na hatua ya siku nzima, k ikawa 8.64, nimeenda kuchemsha chai narudi udongo una nyuzi mabilioni 😂 Ukitaka sentimita 10 basi hatua iwe ya saa moja.

Mwaka ukiisha chukua mstari wa mwisho uwe wa kwanza, rudia mara kadhaa mpaka miaka ifanane.

HATUA YA 4, na hapa ndo wengi wanaachia. Modeli hiyo itakwambia udongo unayeyuka mpaka karibu mita 3.7, wakati vipimo vya kule mara nyingi ni mita moja na kitu mpaka mbili. Imekosea wapi? Maji. Kilo moja ya barafu inakula kilojuli 334 kuyeyuka tu, na joto halipandi hata chembe. Udongo wenye asilimia 30 ya maji kwa ujazo, kuyeyusha barafu yake ni sawa na kuupandisha udongo huohuo nyuzi kama 40! Kwa hiyo weka IF (fomula ya sharti): kipande kikiwa kati ya -1 na 0, k igawe kwa 41. Ukiona kipande kinaruka hiyo nafasi kwa siku moja bila kukaa, punguza hatua.

HATUA YA 5. Theluji ni blanketi, udongo chini yake hauoni ile -38 ya hewani. Kienyeji zidisha nyuzi hasi zote za juu kwa 0.5, halafu rekebisha ukipata vipimo. Usirekebishe kingine kabla ya hiki, nimepoteza wiki nachezea udongo kumbe tatizo theluji.

MASWALI

Kijana wa Mafinga: Kamwene mkuu, hesabu zimenishinda, njia fupi hakuna?
– Kamwene. Ipo, ya mwanafizikia Stefan. Jumlisha nyuzi zote za juu ya sifuri siku kwa siku, kina kinakwenda na kipeuo cha pili (square root) cha hiyo jumla. Joto likiwa mara 4, kina mara 2 tu.

Mama Viazi Kitulo: Sasa mwanangu mbegu nipande kina gani zisiungue?
– Shikamoo mama. Baridi ya usiku mmoja ikifika sentimita 12 imebaki kama theluthi, na inachelewa karibu saa 4. Kiazi kiko salama, mama, ni majani yanayoumia.

Mdau Uyole: Bongo hiyo kitu ipo?
– Kitulo hapana. Juu Kibo watafiti wamekuta sehemu ardhi imeganda.

Mzee wa Tukuyu: Zamani bila kompyuta walijuaje?
– Shikamoo mzee. Kulikuwa na mfanyabiashara Shergin hapo Yakutsk, 1828 akaanza kuchimba kisima, kachimba miaka, kafika mita 116 bado udongo umeganda. Maji hakupata, ila miaka ya 1840 mwanasayansi Middendorff akashusha vipimajoto humo.

Kijana wa Mafinga: Nimeweka ile 41, modeli imeganda haiendi kabisa
– Umeigawa k kwenye vipande vyote mzee baba. Ni kile kilicho kati ya -1 na 0 peke yake, angalia IF yako.