Barua kwanza, filamu mwishoni: namna ya kufundisha habari za askari weusi wa Marekani

Walimu wengi wa historia tukipata projekta tunazima taa, tunawasha filamu, kisha tunakaa nyuma kusahihisha madaftari. Wanafunzi wanafurahi. Kesho yake ukiwauliza wamejifunza nini, wanakusimulia filamu ilivyokwenda, basi. Mpangilio ninaoutumia mimi umegeuzwa: mwanafunzi anaanza na karatasi iliyoandikwa na mtu aliyekuwepo, anahamia kwenye picha, na filamu inakuja mwishoni, tena dakika chache tu, wakati tayari ana ushahidi wa kuibana.

Mfano wangu ni Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Nyaraka zake zinapatikana bure, na filamu yake, Glory ya mwaka 1989, bado inaonyeshwa madarasani. Tenga vipindi viwili vinavyofuatana vya dakika 40, na kimoja cha kuandika siku nyingine.

Hatua ya 1: Tunga swali kabla ya kugusa filamu

Ukianza na filamu, swali lako litakuwa “mmeionaje?” Anza na jambo linalomkera mwanafunzi akilini. Langu ni hili: kwa nini askari walio vitani, wenye wake na watoto nyumbani, wakatae mshahara kwa zaidi ya mwaka mzima?

Liandike ubaoni, kisha toa usuli kwa dakika tano, si zaidi. Vita vilianza Aprili 1861. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Lincoln alitoa Tangazo la Ukombozi, ambalo pamoja na mengine lilifungua mlango wa watu weusi kuandikishwa jeshini. Hadi vita vinakwisha mwaka 1865, weusi wapatao 179,000 walikuwa wametumikia jeshi la nchi kavu la Muungano, yaani upande wa Kaskazini wa Rais Lincoln uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Kikosi cha 54 kiliundwa mwanzoni mwa 1863, na wana wawili wa Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri, Lewis na Charles, walikuwa ndani yake. Tarehe 18 Julai 1863 kilishambulia ngome ya Wagner huko South Carolina. Kati ya askari karibu 600, zaidi ya 250 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Kamanda wao, Kanali Robert Gould Shaw, mzungu, alifia pale pale.

Sababu ya kukataa mshahara usiitaje. Waache waikute wenyewe.

Hatua ya 2: Kusanya vitu vichache, na ujue vilikotoka

Barua moja, picha moja na ndugu zake, kipande kimoja cha filamu. Mwalimu anayeleta vyanzo kumi na vitano hufundisha kufunua karatasi tu.

Tovuti za Maktaba ya Bunge la Marekani na Kumbukumbu za Taifa za Marekani zina nyaraka na picha za kipindi hiki kwa wingi. Pakua nyumbani, weka kwenye flashi, chapa nakala. Usitegemee intaneti ya shuleni, wala umeme. Kwa picha, chukua faili kubwa kuliko zote zilizopo, maana kazi yenyewe ni kuchungulia vifungo, mikono na viatu. Kila kitu kinakiliwe pamoja na maelezo yake: nani alikitengeneza, lini, wapi. Picha iliyokufikia kwa WhatsApp bila maelezo isiingie darasani, hata iwe nzuri namna gani. Hatua ya 4 itakuonyesha sababu.

Hatua ya 3: Barua

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kama kipindi kitakubana, punguza filamu, barua iache kama ilivyo.

Koplo James Henry Gooding wa Kikosi cha 54 alimwandikia Rais Lincoln moja kwa moja tarehe 28 Septemba 1863, akiwa kambini katika kisiwa cha Morris, South Carolina. Chapa barua yenyewe ya Kiingereza upande mmoja na tafsiri yako ya Kiswahili upande wa pili. Makosa yake ya tahajia usiyarekebishe kwenye nakala ya Kiingereza.

Kwanza funika maandishi yote isipokuwa kichwa cha barua. Nani anaandika? Ana cheo gani? Anamwandikia nani? Amepita juu ya makamanda wangapi kumfikia Rais? Watoto wa shule za bweni wanaielewa hatari hii upesi kuliko unavyodhani.

Sasa funua, soma kwa sauti. Gooding anaanza kwa unyenyekevu, akiomba radhi kwa kuthubutu. Kisha sauti inabadilika: “Sasa swali kuu ni hili: je, sisi ni askari, au ni vibarua?” Na baadaye: “Tumetimiza wajibu wa askari. Kwa nini tusipate mshahara wa askari?” Waambie wapige mstari mahali ambapo unyenyekevu unageuka kuwa hoja. Hawatakubaliana, na mabishano hayo yana faida kuliko jibu lako.

Halafu hesabu. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi alipangiwa 10, na 3 kati ya hizo zikakatwa kwa ajili ya nguo, akabaki na 7. Waache wakokotoe tofauti kwa mwaka. Gooding mwenyewe anaipa tofauti uso wa kibinadamu: dola tatu kwa mwezi, anasema, zingewapatia wake na watoto wao kitu cha kuwashia moto.

Swali la mwisho juu ya barua ndilo gumu. Gooding anasisitiza kwamba wao hawakuandikishwa kama watumwa waliokimbilia kwa jeshi la Muungano. Wao ni watu huru. Sheria ya mwaka 1862 iliyotumika kuwapunja iliwafikiria weusi kama wafanyakazi wa kambini. Je, anawatetea weusi wote au kikosi chake tu? Usiwajibie.

Kisha wape mwisho wake. Jimbo la Massachusetts lilijitolea kufidia pengo, na askari wakakataa: hawakutaka sadaka ya jimbo, walitaka serikali iliyowatuma vitani iwatambue. Bunge lilipitisha malipo sawa Juni 1864. Ila kwa wale walioandikishwa kabla ya 1864, malipo kamili tangu siku ya kujiunga yalitolewa kwa waliokuwa huru tarehe 19 Aprili 1861 pekee. Kanali Edward Hallowell, aliyerithi uongozi wa kikosi, akatunga kiapo ambacho hata mtu aliyetoroka utumwani angeweza kukiapa bila kusema uongo: kwamba kabla ya tarehe ile hakudaiwa na mtu yeyote kazi isiyo na malipo. Kama kweli mtumwa hadaiwi kazi na bwana wake, basi naye anaapa. Wanafunzi wangu hupenda ujanja huu kuliko vita vyenyewe. Gooding hakuufaidi. Alitekwa na jeshi la Kusini Februari 1864 na akafa Julai mwaka huo katika gereza la Andersonville.

Hapa mtu atataja askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili, na malipo yao. Mpe nafasi aseme, ulinganisho ni wa haki. Kisha rudi South Carolina, la sivyo kipindi kimekwisha.

Hatua ya 4: Picha tatu ambazo ni moja

Kuna picha ya askari weusi wa Muungano iliyopigwa studio mjini Philadelphia mwaka 1864, ofisa mzungu akiwa amesimama kando yao. Kutokana nayo likachorwa bango la rangi la kuandikisha askari, likiwaita weusi wajiunge na ndugu zao. Mchoraji akaongeza mahema, bendera na mtoto mpiga ngoma. Miaka mingi baadaye mtu akaikata picha ya awali, akamwondoa yule ofisa, akaandika chini kwamba ni kikosi cha Louisiana cha mwaka 1861. Toleo hilo limesambaa mtandaoni kama “ushahidi” kwamba weusi walipigania upande wa Kusini, uliotetea utumwa. Watafiti Jerome Handler na Michael Tuite ndio waliofuatilia na kuufichua udanganyifu huo.

Weka zote tatu mezani bila maelezo. Wazipange kwa umri, na kila dai litoke kwenye picha yenyewe: nani yupo hapa na pale hayupo, kipi kimeongezwa, kwa faida ya nani. Dakika kumi zinatosha. Mwishoni toa maelezo na uulize swali moja: kwa nini aliyeghushi alilazimika kumwondoa mzungu yule?

Hatua ya 5: Filamu

Itazame yote peke yako kwanza. Ina damu nyingi na tukio la kuchapwa viboko ambalo si kila darasa litalimudu.

Onyesha tukio la mshahara pekee. Mara ya kwanza zima sauti, wanafunzi waandike kamera inamtazama nani. Mara ya pili washa sauti. Kisha gawa ubao sehemu tatu: kilichomo kwenye barua na kwenye filamu, kilichoongezwa, kilichoachwa. Watagundua upesi kwamba katika filamu mgomo unatokea kambini wakati wa mafunzo, askari mmoja anapaza sauti, karatasi zinachanwa na Kanali Shaw anachana yake. Katika nyaraka, mgogoro ulipamba moto wakiwa tayari South Carolina, ukaendelea mwaka mzima baada ya Shaw kufa, na walioubeba ni askari wenyewe, kwa kalamu na uvumilivu.

Yako mengine nje ya tukio hilo, wasimulie wewe. Filamu inawaonyesha askari wengi kama watumwa waliotoroka. Wengi wa Kikosi cha 54 walikuwa watu huru wa Kaskazini, ndiyo maana Gooding aliandika alivyoandika. Viboko vilipigwa marufuku katika jeshi la Marekani mwaka 1861. Na katika shambulio la Wagner, bahari iko kushoto kwa askari, wakati ramani inaonyesha walitokea kusini na Atlantiki ikawa kulia kwao. Watoto watashangilia kosa la bahari. Waulize lipi kati ya hayo matatu linabadilisha maana ya historia, na lipi ni la kuchekea tu.

Ukiwa na dakika za ziada, taja The Birth of a Nation ya mwaka 1915, iliyowafanya weusi kuwa tishio na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi lililowatisha na kuwaua weusi, kuwa mashujaa, ikaonyeshwa hadi Ikulu ya Rais Wilson, na mwaka huo huo Klan ikafufuliwa huko Georgia. Filamu mbili zimetoka katika vita vile vile, miaka 74 kati yao. Mwanafunzi akiuliza Marekani ya 1915 ilitaka kuamini nini, na ya 1989 je, ameanza kuisoma filamu yenyewe kama waraka wa wakati wake.

Hatua ya 6: Waandike

Kazi ni ukurasa mmoja: waandike upya tukio la mshahara kwa ajili ya filamu mpya, na chini yake waeleze kila uamuzi wameutoa chanzo gani. Wanaotaka zaidi wape barua ambayo Lewis Douglass alimwandikia mchumba wake Amelia siku mbili baada ya shambulio la Wagner.

Katika kusahihisha, toa alama kwa dai lenye ushahidi kando yake. Anayebuni mazungumzo asiadhibiwe, mradi aseme ameyabuni. Anayeandika “filamu inadanganya” akaishia hapo, mrudishie karatasi pamoja na nakala ya barua.