Kupaka rangi wanyama na watoto wadogo, nyumbani na shuleni

Wazazi na walimu wa chekechea hapa Mwanza, msianze na simba wala tembo, anzeni na mnyama mtoto anayemjua. Sisi tunaanza na yule mjusi wa kwenye mawe, dume lina kichwa chekundu na mwili wa bluu, rangi mbili tu basi, mtoto wa miaka 3 anaweza kabisa. Mtoeni nje kwanza amwangalie akiota jua ndo mrudi ndani mchore.

Chora mistari minene na marker pen, mnyama mmoja karatasi nzima, maana mkono wa mtoto bado haujakomaa na picha ndogo zinamchosha haraka. Krayoni nene ni bora kuliko penseli za rangi. Huna? Mkaa unatoa nyeusi, manjano ya jikoni ukiloweka na maji kidogo inatoa njano safi sana (ila inaganda kwenye nguo, mvalishe fulana kuukuu).

Darasani gaweni krayoni kwa vikundi vya watoto wanne. Sato, kiboko, pimbi, vyote vinafaa. Akipaka sato pinki jamani muacheni, muulize tu kwa nini, utasikia stori nzuri kweli.