Kabla ya Kumlaza Mzee Hospitalini: Mambo ya Kuzingatia Asianguke

Mzee aliyelazwa mara nyingi huanguka akienda chooni. Bibi yangu alianguka saa tisa usiku, hatua nne tu kutoka kitandani, kwa sababu aliona haya kumwamsha mtu. Akavunjika nyonga. Kwa hiyo mkishapewa kitanda, anza na choo: kiko upande gani, njia ina maji, taa inawaka? Kama kipo kitanda cha karibu na choo, kiombe. Mpeleke haja kabla hajalala, kisha mwachie kopo la mkojo au bedpani (beseni la kujisaidia kitandani) pale mkono wake unapofika. Na umwambie waziwazi kwamba kuita si kusumbua. Amwite muuguzi hata mara tano.

Dawa zake zote za nyumbani zionyeshe, pamoja na za usingizi na za mafua mlizonunua dukani. Dawa ya presha inayokojosha, akiimeza jioni, itamwinua usiku kucha. Muulize daktari kama anaweza kuimeza asubuhi. Usibadilishe saa mwenyewe. Omba pia apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, basi kusimama kwenyewe ni hatari kwake. Mzoeze kuinuka taratibu: akae ukingoni, nyayo ziguse sakafu, achezeshe miguu mpaka kizunguzungu kiishe, ndipo asimame. Asishike stendi ya dripu wala meza ya kitandani, kwani vyote vina magurudumu.

Mletee viatu vilivyofungwa nyuma, vinavyoshika kisigino cha mguu, na vyenye soli isiyoteleza. Kandambili zilizolika ziache nyumbani. Miwani na mkongojo viwe upande anaoshukia. Kanga isiburute.

Vyuma vya pembeni mwa kitanda vinawadanganya wengi. Mzee aliyechanganyikiwa huvipanda, akaanguka kutoka juu zaidi. Ni afadhali kitanda kishushwe hadi chini na breki zifungwe. Asifungwe kamba. Akianza ghafla kuongea mambo yasiyoeleweka, mwambie muuguzi saa ileile, maana huenda ni maambukizi au upungufu wa maji mwilini.

Akianguka, usimnyanyue. Kaa naye chini, ita muuguzi, na useme kama amegonga kichwa au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata kama haoneshi jeraha.