Kabla hujazidisha dawa, pima usugu wa inzi weupe

"Nimepuliza mara tatu na bado wanaruka." Mkulima mwenzangu alikuwa kashaongeza kipimo. Nikamwambia aweke bomba chini, tupime kwanza kama inzi wamekuwa sugu, yaani dawa haiwaui tena.

1. Pindua majani. Inzi weupe huishi upande wa chini. Kama dawa imelowesha juu tu, shida ni upulizaji. Tena dawa nyingi haziui mayai wala pupa (hatua ya mwisho kabla ya inzi kuota mabawa), hivyo wanaoruka siku nne baadaye huenda ndio kwanza wametoka kwenye pupa.

2. Fanya jaribio la jani. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Chukua majani yasiyowahi kupulizwa, chovya sekunde 10 kwenye dawa iliyochanganywa kwa kipimo cha lebo, na mengine kwenye maji matupu. Yaache yakauke. Yakauke kabisa! Mimi sikusubiri: kulipokucha, inzi wa jani la maji walikuwa wamenata kwenye unyevu, wamekufa sawa na wa dawa, na jaribio likawa halina maana. Siku hizi jani likishakauka nalitia kwenye chupa pamoja na inzi, naifunika kwa kitambaa chepesi, si kifuniko, na kikonyo nakizungushia pamba yenye maji jani lisinyauke. Chupa tatu za dawa, tatu za maji, inzi kama 20 kila moja. Wakamate alfajiri wakiwa bado wazito. Ukiwashika kwa vidole umewaua mwenyewe. Weka kivulini. Dawa za buprofezini na piriproksifeni usizipime hivi, kwani haziwalengi inzi wakubwa.

3. Hesabu baada ya saa 48. Mguse kila mmoja kwa ncha ya brashi. Asiyeweza kutembea ni mfu. Wakifa wengi kwenye maji, tupa uanze upya. Wakibaki hai wengi kwenye dawa, shuku usugu. Nao husambaa haraka: dume hutokana na yai lisilorutubishwa, ana nakala moja tu ya kila jeni, kwa hiyo dawa humchuja papo hapo na aliye sugu ndiye anayebaki kuzaa.

4. Badili kundi, si jina. Kundi ni dawa zinazoua kwa njia moja: imidaklopridi, asetamipridi na thiamethoksamu zote ni kundi 4A. Kuzizungusha hizo ni kupiga dawa ileile. Tafuta namba ya kundi kwenye lebo. Spiromesifeni, kwa mfano, ni 23. Mimi kundi moja nalitumia kwa kizazi kimoja cha inzi, wiki tatu hadi nne kukiwa na joto, kisha nahama.

5. Ukipanga kuachilia nyigu wa Encarsia formosa, wadudu wadogo wanaoua inzi weupe, dawa za jamii ya pairetroidi usiziguse. Masalia yake huendelea kuwaua nyigu hao kwa wiki nyingi.